Theodor Bilharz: Daktari aliyemwona mnyoo wa kichocho, akafa bila kuijua njia yake

Na Mwandishi Wetu

YAPO majina ya watu yaliyogeuka kuwa majina ya maradhi, kiasi kwamba wanaoyatamka hawakumbuki tena kuwa aliwahi kuishi mtu aliyeitwa hivyo. Bilharzia ni mojawapo ya majina hayo. Katika hospitali na zahanati zetu, daktari hulitamka pale mama anapomleta mtoto anayekojoa damu, na mama huelewa upesi zaidi akiambiwa kwamba ni kichocho.

Nyuma ya jina hilo yupo kijana wa Kijerumani, Theodor Bilharz, aliyefika Cairo mwaka 1850 akiwa na umri wa miaka 25, na akazikwa katika mji huohuo miaka 12 baadaye.

Mwaka mmoja tu baada ya kufika huko, aliona ndani ya mshipa wa maiti mnyoo ambaye hapakuwa na mwanasayansi aliyewahi kumweleza. Alimchunguza, akamchora, akamhusisha na ugonjwa uliokuwa ukiwatesa wakulima na askari wa Misri kwa vizazi vingi.

Jambo moja lilimpita. Hakujua mnyoo huyo alipita wapi hadi akaingia katika mwili wa binadamu. Jibu lake lilikuja kupatikana mwaka 1915, miaka 53 baada ya kifo chake.

Mtoto wa Sigmaringen

Bilharz alizaliwa Machi 23, 1825, katika mji mdogo wa Sigmaringen, kusini mwa Ujerumani, kando ya mto Danube. Wakati huo Ujerumani haikuwa nchi moja bali mkusanyiko wa falme na himaya ndogondogo, na Sigmaringen ulikuwa makao ya mojawapo ya himaya hizo. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya mtawala wa hapo, na mama yake alitoka Uswisi. Theodor alikuwa mtoto wa kwanza katika familia ya watoto tisa.

Alisoma udaktari katika vyuo vikuu vya Freiburg na Tübingen. Alipokuwa Tübingen alishinda tuzo ya chuo kwa insha iliyohusu damu ya wanyama wasio na uti wa mgongo. Kwa mwanafunzi wa udaktari lilikuwa ni somo la pembeni, lakini lilionyesha mapema mahali moyo wake ulipoegemea. Alipenda viumbe wadogo, na alipenda kuvitazama kwa hadubini.

Wawili miongoni mwa wakubwa wake ndio walioyapa maisha yake mwelekeo. Wa kwanza ni Carl Theodor von Siebold, mwalimu wa Freiburg aliyekuwa miongoni mwa mabingwa wa Ulaya katika elimu ya wanyama wasio na uti wa mgongo, hususan minyoo. Wa pili ni Wilhelm Griesinger, daktari aliyemfahamu tangu Tübingen, ambaye baadaye alipata sifa kubwa katika tiba ya magonjwa ya akili.

Miaka hiyo ya 1840 elimu ya minyoo ilikuwa katika mapambano makali. Wapo wasomi walioendelea kuamini kwamba minyoo huzuka yenyewe ndani ya tumbo la mgonjwa, kutokana na chakula kilichoharibika au mwili uliodhoofika. Wengine, akiwamo Mdenmark Japetus Steenstrup, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1842, walikuwa wakionyesha kwamba baadhi ya minyoo hubadilika umbo kutoka kizazi hadi kizazi, na kwamba baadhi ya minyoo bapa hupitia katika mwili wa konokono.

Bilharz aliingia katika taaluma hiyo wakati swali la asili ya minyoo likiwa moto. Hakujua kwamba yeye mwenyewe angetoa mojawapo ya mifano mikubwa ya karne nzima.

Safari ya Cairo

Mwaka 1850 mtawala wa Misri, Abbas Pasha, alimwita Griesinger kuwa daktari wake na mkuu wa shule ya udaktari ya Cairo. Griesinger alikubali na kumchukua Bilharz kuwa msaidizi wake.

Shule hiyo ilianzishwa mwaka 1827 na daktari Mfaransa, Antoine Clot, aliyejulikana kwa jina la Clot Bey, wakati wa utawala wa Muhammad Ali. Mwaka 1837 ilihamishiwa Qasr al-Ayni, kando ya mto Nile, ilipopatikana hospitali kubwa. Nia ya watawala ilikuwa kuwapata madaktari wa jeshi, maana jeshi lisilo na afya haliwezi kupigana.

Misri aliyoikuta Bilharz ilikuwa katikati ya mabadiliko makubwa ya kilimo. Tangu enzi za mafarao, mashamba yalitegemea mafuriko ya Nile ya kila mwaka, na mafuriko yalipokwisha ardhi ilikauka. Muhammad Ali alichimbisha mifereji ya kupeleka maji mashambani mwaka mzima ili pamba ilimwe kwa wingi na kuuzwa Ulaya.

Pamba ilileta fedha. Lakini mkulima aliyewahi kusimama majini kwa msimu sasa alisimama majini mwaka mzima, na konokono waliokuwa wakifa kwa ukame sasa walipata makazi ya kudumu. Hakuna aliyeliona hilo wakati huo.

Kilichoonekana ni damu katika mkojo. Madaktari wa jeshi la Napoleon, lililoivamia Misri mwaka 1798, walikuwa wamekwisha kuandika juu ya askari wao kukojoa damu. Wenyeji waliuzoea ugonjwa huo kiasi kwamba wengi waliuona kama hatua ya kawaida ya ukuaji wa mvulana, mawazo yaliyopatikana pia katika jamii nyingine nyingi za Afrika.

Mezani kwa maiti

Kazi ya Griesinger na Bilharz katika hospitali ya Qasr al-Ayni ilikuwa kutibu, kufundisha na kuchunguza maiti. Katika muda wa miaka miwili hivi walichunguza maiti zaidi ya 300. Wengi walikuwa askari, vibarua na wakulima maskini, watu ambao majina yao hayakuandikwa katika historia ya sayansi. Ni vema kulikumbuka hilo kila jina la Bilharz linaposifiwa, kwa sababu ugunduzi wake ulisimama juu ya miili ya watu hao.

Mwanzoni mwa mwaka 1851, akichunguza mshipa mkuu unaopeleka damu kwenye ini kutoka kwenye utumbo, Bilharz aliona minyoo mirefu myeupe ndani ya damu. Ilikuwa na urefu wa sentimita moja hivi, yaani mikubwa kiasi cha kuonekana kwa macho matupu kwa mtu mwenye subira. Mei 1 mwaka huo alimwandikia Siebold barua ya kumweleza alichokiona.

Minyoo ya tumboni ilijulikana tangu zamani. Minyoo inayoishi ndani ya mshipa wa damu wa binadamu lilikuwa jambo jipya kabisa.

Alipoichunguza zaidi kwa hadubini, alikutana na jambo lililomshangaza kuliko lile la kwanza. Minyoo bapa walio wengi ni huntha, yaani kila mmoja ana viungo vya kiume na vya kike katika mwili mmoja. Huyu aliyemwona Cairo hakuwa hivyo. Dume lilikuwa na mwili mpana, uliojikunja kingo zake kwa ndani na kufanya mfereji kutoka karibu na kifua hadi mkiani. Ndani ya mfereji huo alilala jike, mwembamba kama uzi na mrefu kuliko dume lenyewe.

Wawili hao huishi wakiwa wameshikamana hivyo kwa miaka, dume likimbeba jike katika mkondo wa damu, na jike likitaga mayai siku baada ya siku. Bilharz aliutambua mfereji huo, akatofautisha jinsia zote mbili, na katika barua nyingine ya Agosti 1851 akamweleza mwalimu wake mambo hayo kwa kirefu. Mnyoo alimpa jina la Distomum haematobium, kwa kuwa alikuwa na viungo viwili vya kunyonyea vilivyofanana na vinywa viwili, na aliishi katika damu.

Kutoka mshipani hadi kibofuni

Kama angeishia hapo, Bilharz angekumbukwa na wataalamu wachache wa minyoo. Kilichomweka katika historia ya tiba ni hatua iliyofuata.

Mwaka 1852 alichunguza vibofu vya mkojo vya maiti waliokuwa na vidonda na uvimbe wa ndani, akakuta humo mayai ya mnyoo uleule. Yalikuwa na umbo la duaradufu na mwiba mdogo kwenye ncha. Aliyakuta pia katika kuta za utumbo za watu waliokuwa wakihara damu. Hapo ndipo alipounganisha vitu vitatu ambavyo havikuwahi kuunganishwa: mnyoo aliye katika mshipa, yai lililo katika kibofu, na damu iliyo katika mkojo.

Elimu ya baadaye ilithibitisha kwamba alikuwa katika njia sahihi. Mnyoo mwenyewe hana madhara makubwa kama mayai yake. Mayai yasiyopata njia ya kutoka hukwama katika nyama za mwili na kusababisha uvimbe na makovu katika kibofu, utumbo na ini. Kichocho cha mkojo kilichokaa muda mrefu bila kutibiwa kinahusishwa na saratani ya kibofu.

Ugunduzi huo ulichapishwa Ujerumani kati ya mwaka 1852 na 1853 katika jarida la elimu ya wanyama lililohaririwa na Siebold. Griesinger naye aliandika kwamba dalili za mnyoo huyo zilionekana katika takriban theluthi moja ya maiti walizochunguza. Katika kipindi hicho kifupi Bilharz aligundua pia minyoo wengine wawili wa binadamu: tegu mdogo anayeitwa Hymenolepis nana, na mnyoo bapa wa utumbo anayeitwa Heterophyes.

Hata hivyo, swali la njia lilibaki. Je, mtu humpata mnyoo huyo kwa kunywa maji ya mto, au kwa chakula? Dhana zilikuwapo, ushahidi haukuwapo. Aliona pia kwamba baadhi ya mayai yalikuwa na mwiba ubavuni badala ya nchani, lakini hakutambua kwamba hiyo ilikuwa ishara ya aina mbili tofauti za minyoo.

Kambare mwenye umeme

Griesinger aliondoka Misri mwaka 1852. Bilharz alibaki, akashika nafasi ya uganga mkuu katika hospitali hiyo, na baadaye akawa profesa wa anatomia.

Huenda msomaji akadhani kwamba aliitumia miaka iliyosalia kuitafuta njia ya mnyoo wake. Haikuwa hivyo. Nguvu zake nyingi alizielekeza kwa kambare wa mto Nile mwenye uwezo wa kutoa umeme, samaki ambaye wavuvi wa Afrika wanamjua vizuri kwa jinsi anavyowatia ganzi mikononi.

Mwaka 1857 kilichapishwa mjini Leipzig kitabu chake kuhusu kiungo cha umeme cha samaki huyo. Ndani yake alionyesha kwamba katika kila upande wa mwili, kiungo chote cha umeme huamriwa na uzi mmoja tu wa neva, unaotoka katika seli moja kubwa ya neva. Kwa wasomi wa wakati huo, waliokuwa wakijiuliza neva hufanyaje kazi, ilikuwa habari kubwa.

Kazi zote mbili, ya mnyoo na ya kambare, zinaonyesha mtu wa aina moja. Bilharz hakuwa mwenye nadharia kubwa. Alikuwa na macho makali, mkono uliotulia na tabia ya kutosema zaidi ya kile alichokiona.

Safari ya mwisho

Mwaka 1862 alifika Misri Ernst II, mtawala wa Saxe-Coburg na Gotha huko Ujerumani, ambaye mdogo wake, Albert, alikuwa mume wa Malkia Victoria wa Uingereza na alifariki miezi michache kabla ya hapo. Ernst alikuwa safarini kuelekea nchi zilizo kando ya bahari ya Sham, katika eneo ambalo sasa ni Eritrea, kwa ajili ya kuwinda. Msafara wake ulikuwa na wasomi, miongoni mwao Alfred Brehm, mwandishi maarufu wa vitabu vya wanyama.

Bilharz alijiunga na msafara huo hadi Massawa akiwa daktari. Akiwa katika kazi ya kuuguza alipatwa na homa kali, inayotajwa kuwa ya taifasi. Alirudi Cairo akiwa mgonjwa, akafariki Mei 9, 1862. Alikuwa na umri wa miaka 37, na alizikwa katika makaburi ya Wajerumani mjini humo.

Wakati huo jina lake lilikuwa limekwisha kuanza safari yake lenyewe. Mwaka 1856 Mjerumani Heinrich Meckel von Hemsbach alipendekeza mnyoo huyo aitwe Bilharzia. Miaka miwili baadaye David Weinland alileta jina la Schistosoma, lenye maana ya mwili uliopasuka, na hilo ndilo lililokuja kukubaliwa rasmi na wanasayansi. Lakini watu waliendelea na Bilharzia. Askari wa Uingereza, waliopata taabu kulitamka, waliligeuza kuwa Bill Harris, kana kwamba ugonjwa huo ni mwenzao wa kambini.

Konokono wa Marg

Swali aliloliacha Bilharz lilizua ubishi mrefu. Arthur Looss, Mjerumani mwingine aliyefundisha Cairo, alishikilia kwamba mnyoo huyo hahitaji konokono, bali kiluwiluwi kinachoanguliwa kutoka katika yai humwingia mtu mwingine moja kwa moja. Looss alikuwa bingwa anayeheshimika, kwani ndiye aliyegundua kwamba minyoo ya safura hupenya katika ngozi, na kwa sababu hiyo wengi walimwamini.

Mwaka 1913 Wajapani wawili, Miyairi na Suzuki, walionyesha kwamba mnyoo wa kichocho wa Japani, ambaye ni ndugu wa yule wa Misri, hukua ndani ya konokono. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka uliofuata, Looss alilazimika kuondoka Misri iliyokuwa chini ya Waingereza. Serikali ya Uingereza, ikihofia afya ya majeshi yake huko, ilimtuma mtaalamu wa minyoo, Robert Leiper.

Leiper alikwenda katika kijiji cha Marg, nje kidogo ya Cairo, ambako kichocho kilikuwa kimewajaa watoto. Alikusanya konokono kutoka katika mifereji, akawapasua mmoja mmoja. Aliviona viluwiluwi ndani yao, akawaambukiza wanyama wa maabara kwa kuwaweka majini, na akapata minyoo kamili katika mishipa yao.

Mwaka 1915 njia nzima ilikuwa wazi. Mgonjwa anapokojoa au kujisaidia majini, mayai huanguliwa na viluwiluwi humwingia konokono. Humo huzaliana kwa maelfu, kisha hutoka na kuogelea. Mtu akiingia majini hupenya katika ngozi yake bila yeye kuhisi kitu. Leiper alionyesha pia kwamba mayai yenye mwiba nchani na yale yenye mwiba ubavuni ni ya minyoo wawili tofauti, wenye konokono tofauti. Hitilafu ambayo Bilharz aliiona bila kuielewa sasa ilipata maana.

Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1910, Marc Armand Ruffer alikuwa amekuta mayai ya mnyoo huyohuyo katika figo za maiti za kale za Misri zenye umri wa miaka zaidi ya 3,000. Ugonjwa uliopata jina jipya mwaka 1856 ulikuwa mzee kama mafarao.

Dawa ipo, ugonjwa upo

Historia ya tiba yake nayo ina machungu yake. Mwaka 1918, John Christopherson alitangaza kutoka Khartoum kwamba sindano za madini ya antimoni ziliweza kuwaua minyoo hao. Misri ilizitumia kwa mamilioni ya watu hadi miaka ya mwanzo ya 1980. Kwa kuwa sindano zilitumika tena na tena bila kuchemshwa ipasavyo, kampeni hiyo ilisambaza homa ya ini aina ya C kwa kiwango ambacho Misri ilikuja kupambana nacho kwa miongo mingi.

Katika miaka ya 1970 ilipatikana praziquantel, dawa ya vidonge inayotolewa kwa dozi moja, na ndiyo wanayopewa wanafunzi shuleni katika nchi nyingi za Afrika. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu zaidi ya milioni 250 walihitaji tiba ya kinga ya kichocho, na zaidi ya asilimia 90 ya wanaoihitaji wako Afrika.

Kwetu ugonjwa huu si hadithi ya mbali. Wavuvi na wakulima wa mpunga kandokando ya Ziwa Victoria huugua kichocho cha tumbo. Visiwani Unguja na Pemba, kichocho cha mkojo kimepigwa vita kwa miaka mingi kwa vidonge, elimu na kuwaua konokono, na kimepungua sana. Lakini kidonge humwua mnyoo aliye mwilini tu. Hakimzuii mtoto kurudi mtoni kesho yake, kama nyumbani hakuna bomba wala choo.

Siku hizi jina la Bilharz limeandikwa juu ya taasisi ya utafiti huko Giza, na hata juu ya shimo moja la mwezini. Hizo ni heshima kubwa kwa mtu aliyekufa kijana. Lakini kwa watu wa Marg na wenzao wa kando ya maziwa yetu, heshima yenye faida zaidi ingekuwa kuikata ile njia ambayo yeye hakuiona, na ambayo sisi tunaijua tangu mwaka 1915.

Bilharz alikuwa na udhuru wa kutojua. Waliokuja baada yake hawana.